Rangi Iliyokaushwa Darini kwa Bi Zuwena

Nimeweka burashi chini mwaka huu, na vijana niliowaacha gerejini wamenitaka niandike namna tulivyokuwa tukifanya kazi zamani, kabla ya pampu za umeme na kabla ya rangi inayokauka ukiwa bado unaitazama. Wamenitaka pia niandike nilivyopanda vyeo. Hilo naliruka. Vyeo vya gereji vinajulikana: anayeanza hushika tambara, anayemaliza hushika kiuno. Nitaandika habari ya kufungua na kupaka rangi vipande vya ndani ya boneti, kazi ambayo wateja wengi hawaioni, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilipomaliza sekondari. Waliofika sekondari siku zile walikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa na meza inayomngoja mahali. Yangu ilikuwa bandarini, katika ofisi aliyokuwa akifanya kazi baba yangu, Mzee Khamis, karani aliyesifika kwa mwandiko wake. Mimi sikuitaka ile meza. Kila siku nikitoka skuli nilipita Malindi, nikasimama mbele ya gereji ya Fundi Makame, nikatazama chuma kilicholiwa na kutu kikitoka mikononi mwake kama kimezaliwa jana. Siku niliyomwambia baba kwamba nataka kujifunza kazi ile, aliiacha chai yake mpaka ikapoa.

"Gereji," alisema mwishowe. "Pahali pa mafuta na matusi. Mafuta yatatoka kwa sabuni. Utovu wa adabu utautoa kwa nini?"

Mama aliniombea, na baba akanipa muda mpaka karafuu za vuli zimalizike. Ikiwa mpaka hapo sijamwonyesha kwamba gereji inaweza kumlea mtu, nitavaa kanzu nifuatane naye ofisini, na habari ya magari sitoitaja tena ndani ya nyumba.

Gereji yenyewe ilikuwa chumba cha chini cha nyumba ya ghorofa mbili, kando ya barabara ya kwendea bandarini. Magari yalisimama nje. Vipande vilivyofunguliwa ndivyo vilivyoingia ndani. Fundi Makame alikuwa mtu wa Makunduchi, mfupi, mwenye mabega ya mkwezi na sauti ndogo. Sikuwahi kumsikia akitukana, ingawa baba asingeliamini hilo. Akikasirika alinyamaza akasugua. Ukimwona anasugua kitu kilichokwisha kusafishwa, ujue umeharibu.

Mwanzo hakunipa burashi, alinipa vifuu vya nazi. Kila kipande kilipofunguliwa, bolti zake na washa zake ziliingia katika kifuu chake, na vifuu vilipangwa sakafuni kwa namna vipande vinavyokaa ndani ya gari: cha rejeta mbele, cha betri pembeni, cha chujio la hewa katikati. Mtu akiingia ghafla alidhani tunacheza bao. Mimi, kwa kuwa nimesoma, niliona huo ni ushamba. Siku moja nikaandika namba kwa chaki juu ya kila bolti, nikazitia zote katika kopo moja, kisha nikaziosha kwa mafuta ya taa. Chaki ikaondoka yote. Fundi Makame alilitazama kopo, akachukua tambara, akaanza kusugua spana iliyokuwa ikimeremeta.

Kosa jengine, ambalo nimewaona wengi wenu mkilirudia, ni la kupaka rangi kila pahali. Niliwahi kupaka bodi yote chini ya betri, safi kama sinia, hata pale waya wa betri unapofungwa kwenye chuma. Gari halikuwaka. Tulitazama mafuta, tukatazama plagi, tukasukuma mpaka Funguni huku mahamali, wachukuzi wa bandarini, wakitupigia vigelegele. Fundi alikwangua rangi ukubwa wa kucha ya kidole gumba, akafunga waya, gari likanguruma. "Chuma lazima kisalimiane na chuma," alisema, basi. Mpaka leo, kabla sijapaka, natafuta kwanza pahali pa kutopaka.

Lakini shida yetu kubwa ilikuwa jua. Mji Mkongwe una jua jingi na haulitoi. Vichochoro vina kivuli asubuhi hadi jioni, na barabara yetu ilipitiwa kutwa na rikwama, mikokoteni ya mahamali, zimebeba magunia ya karafuu na mbata. Rangi mbichi ukiiweka nje kwa muda mdogo tu, unaichukua imeota ndevu za vumbi. Jua safi lilikuwa juu, kwenye sakafu ya darini iliyo wazi juu ya paa, na darini kulikuwa kwa Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikuwa mjane aliyekaa ghorofa ya juu na binti zake wawili. Vijana mliokulia nyumba za Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, pengine hamjui: darini ndiko wanawake wa nyumba walikokaa vichwa wazi, wakianika, wakisukana, wakifukiza nguo udi. Mwanamume hakanyagi huko bila ya kukaribishwa. Fundi Makame na Bi Zuwena walikuwa na mapatano ya miaka. Tukitaka kupanda, tunasimama kwenye pindo la ngazi, pale inapokata kona, na kupiga hodi. Wao wanajisitiri, yeye anasema "Karibuni," tunaweka vipande vyetu kwenye jamvi kuukuu, tunashuka. Yeye mwenyewe alivigeuza kufuata jua, kama anavyogeuza karafuu. Sisi tulimzibia kwa risasi sufuria zake za shaba na kumtilia mafuta bawaba za milango. Hodi ni tatu. Usipojibiwa unarudi ulikotoka.

Vuli hiyo ya mwaka wangu wa kwanza ndipo lilipokuja gari la Bwana Seif.

Bwana Seif alikuwa Mwarabu mwenye shamba la mikarafuu Dole na nyumba Mbweni, ufukweni kabisa, na kila usiku gari lake lilivutishwa chumvi. Alikuwa pia rafiki wa baba, wa kukaa baraza moja kila jioni. Alitaka gari liwe tayari Alkhamisi, maana Jumamosi alikuwa anahamia shamba kusimamia uchumaji. Fundi Makame, ambaye macho yake yalikwisha kuanza kuona ukungu, alifungua boneti, akapapasa ndani kwa mikono miwili, akaniambia, "Hili lako. Mimi n'takaa pale nivute sigara."

Jioni nilimwambia baba. Nilidhani atafurahi.

"Gari la Seif?" alisema. "Basi vizuri. Seif hafichi kitu. Litakavyotoka, n'tasikia, na n'tajua la kufanya na wewe."

Nikajua kwamba muda niliopewa hautofika mwisho wa karafuu. Umekuwa wa Alkhamisi.

Hali ya gari ilikuwa mbaya, na naieleza kwa kuwa ndiyo hali ya magari yote ya pwani. Kitako cha betri kilikuwa kimetafunwa na maji makali ya betri mpaka kikafanya uyoga mweupe na kijani. Kingeachwa mwaka mmoja zaidi, betri ingeangukia pangaboi la kupoza injini. Vishikizo vya rejeta vilivimba kutu kama vimeumwa na nyuki. Kifuniko cha juu cha injini na nyumba ya chujio la hewa vilikuwa na rangi ya kijani zamani, sasa vina magamba. Nilitoa betri kwanza, kama mnavyotakiwa kufanya siku zote, kisha nikafungua kimoja kimoja, kila kimoja na kifuu chake. Bolti zilizogoma nilizitilia mafuta nikaziacha mpaka kesho yake. Bolti ni kama mtu aliyenuna, ukimlazimisha anakatika. Uyoga wa betri niliumwagia maji ya magadi, yale yale ya jikoni, mpaka povu likaisha. Mafuta yaliyoganda niliyaondoa kwa mafuta ya taa na makumbi ya nazi, kutu kwa burashi ya waya na msasa, kisha ndimu na chumvi kwenye pembe msasa usikofika. Matundu yote ya injini niliyaziba kwa tambara safi, nikayahesabu matambara, maana tambara lililosahauliwa ndani ya injini halina rafiki. Nikakipachika kitako cha betri kiraka cha bati nene. Nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Mpaka Jumanne jioni kila kitu kilikuwa kimekauka, kinangoja rangi ya juu.

Jumatano Fundi Makame aliitwa kwao Makunduchi mazikoni. Kabla ya kupanda gari la abiria la shamba alisimama mlangoni akatazama juu.

"Upepo umekufa," alisema. "Leo usianike kitu. Paka kesho."

"Kesho ni Alkhamisi, Fundi."

"Najua kesho siku gani."

Alipoondoka nilipaka. Nilitaka siku mbili za jua badala ya moja, na nilitaka Bwana Seif akija alikute gari lake limekwisha kufungwa. Na nilitaka baba asikie. Hapo ndipo kosa lilipo, si pengine popote. Fundi aliyeanza kunifundisha kusoma mbingu aliniambia neno moja, nami nikaweka langu juu yake. Rangi yenyewe niliipaka vizuri. Burashi ya singa, kwenda upande mmoja, tabaka jembamba, kijani kilichokaa kama maji ya kisima. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikaweka vipande kwenye jamvi.

Bi Zuwena, amejifunika kanga, alinitazama halafu akatazama mbingu. "Leo, mwanangu? Huku huoni?"

"Jua litatoka, Bi."

"Haya, msomi. Wewe ndiye unayelijua."

Alasiri, watu wapo msikitini, matone yakaanza. Matone makubwa, ya kuhesabika, yale yanayotangulia. Nilipanda ngazi mbili mbili mpaka kwenye pindo, nikasimama.

"Hodi!"

Kimya. Juu yangu niliisikia mvua ikigonga sakafu, kisha nikasikia makofi mawili.

"Hodi, Bi Zuwena! Mvua!"

Makofi tena. Nilidhani ni mmoja wa mabinti anafukuza kunguru kwenye karafuu zao. Vipande vyangu vilikuwa hatua chache tu kutoka niliposimama. Ningenyoosha shingo ningeviona. Nikapiga hodi ya tatu, kwa nguvu, mpaka jirani wa upande wa pili wa kichochoro akafungua dirisha, asione mtu. Hakuna aliyesema karibu. Nikageuka nikashuka, nikaenda kulifunika gari lililokuwa nje boneti wazi, kwa kuwa hilo angalau halikuwa na wenyewe wa kuwapigia hodi.

Hazikupita dakika nyingi nikasikia sauti kutoka roshani: "We msomi! Uko wapi wewe? Panda!"

Nilimkuta kwenye mlango wa chumba kidogo kilichokuwa pale darini, amelowa, mikono ya kijani mpaka viwikoni. Ameviokoa vipande peke yake, mabinti zake walikuwa wamekwenda kwa shangazi yao. Alivikusanya ndani ya kanga yake ya kusalia.

"Nlikuwa nasali!" alisema. "Nikupigie kofi mara ngapi? Hukusikia?"

"Nlisikia, Bi. Nlidhani unafukuza kunguru."

Alinitazama mpaka nikatamani mvua izidi. "Umesoma mpaka sekondari, hujui mwanamke akiwa katika sala anajibu kwa kofi? Ungengoja kidogo tu! Natoa salamu, nakwita, hakuna mtu. Kunguru! Ngoja nimwambie mama yako."

Vipande viwili vilikuwa vimetobolewa na matone kama uso wa mtu aliyepona ndui. Kifuniko cha injini ndicho kilichonivunja moyo. Kanga ilikuwa imeganda juu yake, na nilipoibandua, uzi wote wa nguo ulikuwa umejichora kwenye rangi, hata pindo lake. Kanga nayo haikutengenezeka. Bi Zuwena aliitazama, akaichana vipande, akanitupia. "Haya, futieni mafuta yenu." Nilimpelekea nyengine baadaye, lakini ile ilikuwa zawadi ya marehemu mumewe, na mimi sikulijua hilo mpaka miaka imepita. Ndilo linaloniuma katika habari yote hii.

Fundi Makame alirudi kabla ya magharibi. Alivipapasa vipande kimoja kimoja. Nikaangalia mkono wake utakwenda wapi. Haukulifuata tambara.

"Mvua ilipoanza ulikuwa wapi?"

"Kwenye ngazi."

"Hukupanda kwa nini?"

"Sikujibiwa, Fundi."

Alikichukua kifuniko cha injini. "Kupaka leo, nshakukataza. Hilo lako. Kutopanda ulifanya sawa. Rangi itarudiwa, adabu hairudiwi. Lete msasa."

"Fundi, hichi kifuniko tukikipaka tabaka la pili juu yake, nani atajua? Seif ni kesho."

"Chuma kitajua," alisema, akakiweka mapajani akaanza kusugua. Nikachukua kipande changu. Tulivirudisha vyote mpaka kwenye chuma kitupu.

Asubuhi ya Alkhamisi jua lilitoka kama limetumwa. Tulipaka ile nyekundu mapema, na ilipokauka tukapaka kijani. Bi Zuwena mwenyewe alivisimamia darini, akavigeuza, akawafukuza kunguru wa kweli. Bwana Seif alikuja wakati tumekaa na gari tupu, boneti kama mdomo usio na meno.

"Makame! Nini hiki?"

"Mpaka kesho baada ya sala, Bwana Seif."

"Kesho! Watu wangu wamo juu ya mikarafuu! Umempa kijana wa kalamu achezee gari langu, sasa nnasikia kesho? Mimi n'tampitia Khamis leo hii hii, n'mwambie mwanawe—"

"Bwana Seif!" Ilitoka juu, roshani. Sote tuliinua vichwa. Bi Zuwena alisimama nyuma ya mapazia ya mbao, haonekani ila mkono.

"Bi Zuwena. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie Khamis, lakini mwambie yote. Kijana amepiga hodi tatu kwenye ngazi yangu, mvua inanyesha juu ya kazi yake, hakujibiwa, akarudi. Ulitaka apande?"

"Hasha, Bi Zuwena! Hasha!"

"Basi ngoja gari lako."

Bwana Seif alijifuta jasho, akalitazama gari, akanitazama mimi. Aliondoka bila ya kusema kama atangoja au hatongoja. Jioni baba alirudi kutoka baraza, akala, akanawa. Niliona amekwisha kuambiwa. Alisema tu, "Kesho baada ya sala n'tapita huko Malindi." Ilikuwa mara ya kwanza kutaja mtaa wa gereji kwa jina lake.

Ijumaa nilifunga vipande vyote kabla ya adhana. Kila kifuu kikawa kitupu, hakuna bolti iliyobaki wala iliyopungua, na wanaojua kazi wanajua furaha ya kuona vifuu vitupu. Nimefanya magari mengi baada ya lile, mengine makubwa, mengine ya watu wakubwa, na nasema bila ya haya kwamba hakuna lililotoka bora zaidi. Kijani kilikaa sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Kitako cha betri nilikipaka rangi nyeusi, kiraka hakionekani hata ukipitisha kucha. Waya wa betri umekaa juu ya chuma kitupu. Nilipoinama juu ya kifuniko cha injini niliona meno yangu.

Walikuja pamoja, baba na Bwana Seif, kutoka msikitini. Bwana Seif alifungua boneti, akazunguka upande huu na upande ule, akatikisa kitako cha betri, akapanda, akawasha. Lilishika mara moja. "Mashaallah," alisema, akazima, akaenda ndani kuzungumza na Fundi Makame.

Baba alibaki mbele ya gari. Nilisimama pembeni yake, mikono nyuma, nikangoja. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha kila jibu: rangi gani, tabaka ngapi, kutu imetolewaje.

"Kwa hivyo ni kweli," alisema. "Ulisimama kwenye ngazi."

"Naam, baba."

"Na unaisikia mvua."

"Naam."

"Na hapana mtu aliyekuona."

"Hapana, baba."

Aliguna. "Kofi la mwenye kusali hukulijua. Hilo ni aibu yangu mimi, tutalisoma nyumbani." Alirekebisha kofia yake. "Ile meza ya bandarini nshamwambia mkubwa wangu ampe mtoto wa Mzee Ali. Wewe msikilize fundi wako."

Akamwamkia Fundi Makame mlangoni, kwa mkono, mkono wa mafuta na yote, akaenda zake. Injini hakuitupia jicho hata moja. Nilisimama pale nikimtazama anakata pembe, na huku nimeshukuru, huku nina hasira kidogo. Kisha nikajifuta mikono, nikainama juu ya boneti, nikaitazama rangi mwenyewe, kipande baada ya kipande, kwa muda mrefu, maana ilistahili kutazamwa.